Gome la Kangeta na Dunia za Sinema

Waswahili tuna msemo wa kale: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazee waliutumia kutuonya tusihadaike na sura ya nje. Lakini iko kazi moja katika zama hizi ambayo mafundi wake hawana kitu kingine cha kuuza ila huo uzuri wa mkakasi, nao hulipwa kwa kuutengeneza. Ndani ya vitu vyao hamna hata hicho kipande cha mti. Mna hewa tupu. Nataka leo tuizungumze kazi hiyo, na nitaizungumza kwa kuupitia mji wa Kangeta, kule Meru, jina ambalo wengi wetu hapa Pwani tulilijua kwanza kama aina ya miraa kabla hatujajua kuwa ni mahali.

Kazi yenyewe ni ya kuchora ngozi za vitu katika sinema za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vinavyosafiri baina ya nyota, miji ya karne zijazo na viumbe wa sayari zisizokuwapo. Mtengenezaji sinema akitaka kutuonyesha chombo kikuukuu kilichotua jangwani, fundi wa kwanza hukifinyanga umbo lake ndani ya kompyuta. Umbo hilo hutoka likiwa la kijivu na laini, mfano wa chungu kibichi. Halina rangi, halina kutu, halina alama ya mkono wala ya mvua. Hapo ndipo anapoingia fundi wa pili, naye ndiye tunayemkusudia. Yeye hulivika umbo hilo ngozi, ambayo wenyewe huiita teksicha.

Mwenye kutaka kuifahamu kazi hii na aitazame kofia ya vito. Mshonaji haidarizi kofia ikiwa kichwani. Hutandaza kitambaa, akakata duara la juu na ukanda wa kuzungushia, akavidarizi vikiwa bapa, kisha ndipo akaviunganisha vikawa mviringo. Ua alilolitia kwenye ukanda hulijua litaangukia upande gani wa kichwa. Mchora ngozi wa sinema hufanya vivyo hivyo. Umbo la kompyuta hupasuliwa kwenye mishono yake, likatandazwa bapa, akalichora, kisha likarudishwa kuwa zima. Tofauti ni kwamba kofia yake huwa na tabaka nyingi. Tabaka moja ni ya rangi. Nyingine humwambia taa wapi pang'ae na wapi pafifie. Nyingine huonyesha mabonde na vinundu vidogo vidogo, ili gome la mti lionekane gome, lisionekane karatasi iliyopigwa picha ya gome.

Fani hii si ya jana. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, Ed Catmull alieleza katika tasnifu yake ya udaktari namna ya kulaza picha juu ya umbo la kompyuta. Mwaka 1978 James Blinn akaonyesha jinsi ya kuihadaa taa ili uso ulio laini uonekane una makunyanzi. Ken Perlin, aliyeshiriki katika sinema ya Tron iliyotoka mwaka 1982, alichoshwa na vitu vya kompyuta kuonekana safi mno, kama vimetoka kiwandani dakika ile. Akabuni hesabu ya kuvitia vitu vurugu kidogo, mfano wa ile iliyomo katika mawingu na mawe, akaichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 wakubwa wa sinema wa Marekani wakamtunuku tuzo kwa hiyo. Ilipotengenezwa Avatar, iliyotoka mwaka 2009, mafundi wa Weta Digital huko Wellington, Nyuzilandi, walijiundia programu yao ya kuchorea ngozi, Mari, ambayo kuanzia mwaka 2010 imekuwa ikiuzwa kwa wengine.

Kipande kimoja tu cha ngozi hizo huweza kuwa na pikseli 4,096 kwa 4,096, yaani nukta za rangi zaidi ya milioni 16, na kitu kimoja kikubwa huhitaji vipande vingi. Vipande hivyo hupewa nambari, na nambari ya kwanza, kwa desturi ya mafundi hao, ni 1001. Sisi tuliokulia hadithi za Alfu Lela Ulela tunayo haki ya kutabasamu.

Sasa zingatia neno hili, maana ndilo shina la maneno yangu yote. Kompyuta haijui kutu. Haijui kuwa kutu ya bati huanzia kwenye tundu la msumari, ikateremka kwa kufuata maji. Haijui kuwa mlango wa duka hung'aa pale tu mikono inapousukuma, na kuwa vumbi hupenda pembe. Mambo hayo lazima ayajue mchoraji, na mchoraji huyajua kwa kuwa ameyaona. Kwa hiyo dunia ya kubuni, hata ikiwa ni ya miaka elfu ijayo, hupata ngozi yake kutokana na mahali ambapo jicho la mchoraji limewahi kutazama. Asipotazama kwetu, kwetu hakutakuwamo.

Na Kangeta kuna mengi ya kutazama. Mji huu uko Igembe, karibu na Maua, kwenye vilima vya Nyambene. Vilima hivyo ni vya volkeno, na udongo wake mwekundu hupanda juu ya kila kitu: mabati, viatu, ubavu wa magari yanayobeba miraa kwa kasi. Ukiingia mashambani utaikuta mimea michanga, na utaikuta pia ile miti mikongwe ya miraa ambayo Wameru huiita mbaine. Nimesimama mbele ya mti mmoja wa namna hiyo. Shina lake ni fupi, limepinda kama mkono wa bikizee, na gome lake limejaa vinundu na makovu, moja juu ya jingine, kila mahali vijana walipopandia na kuchuma, kizazi baada ya kizazi. Juu ya uzee wote huo kuna vijiti vipya vyenye wekundu laini. Mchoraji aliyeko London au Vancouver akiambiwa atie ngozi kwenye mti wa sayari ya mbali, atafanya siku nyingi asiibuni ngozi kama ile.

Nimeutaja mti, lakini si mti pekee. Liko jani la mgomba linalofungiwa mabunda ya miraa, namna linavyokauka na kupasuka kwa kufuata mishipa yake. Yako mabati yenye rangi ya chai. Ziko mbao za vibanda zilizopakwa rangi mara tano, na kila rangi ya zamani inachungulia chini ya mpya. Na hata wingu la Nyambene, ambalo aliyeanika nguo hulilalamikia, ni neema katika kazi hii. Mpiga picha wa ngozi za vitu huchukia jua kali, kwa kuwa kivuli kikinaswa katika picha hakitoki. Hutaka mwanga uliosambaa sawasawa, na mwanga huo Nyambene hupatikana siku nyingi za mwaka bila ya malipo.

Huenda msomaji akauliza, je, wachoraji hawa hupata wapi picha zao siku hizi? Jawabu ni kuwa ziko maghala. Kampuni ya Quixel, iliyoanzia Uppsala nchini Sweden mwaka 2011 na kununuliwa na Epic Games ya Marekani mwaka 2019, ilijenga ghala kubwa la mawe, magome, kuta na udongo, vyote vikiwa vimepigwa picha na kupimwa kwa ustadi. Mchoraji hufungua, akachagua gome, akalitumia. Lililomo ghalani ndilo litakaloonekana duniani kote. Lisilokuwamo halitaonekana, si kwa chuki, ila kwa kuwa hapana aliyelipeleka.

Nchi za Kiislamu, watu wakitaka wasitake, zimekwisha kuzikopesha sayari za sinema ngozi zao. Mwaka 1976 watengenezaji wa Star Wars, iliyotoka mwaka uliofuata, walikwenda Tunisia. Nyumba za mapangoni za Matmata zikawa maskani ya sayari nyingine, na msikiti mdogo wa Sidi Jemour, katika kisiwa cha Djerba, kuta zake za chokaa zikaonekana kama jengo la anga za mbali. Hata jina la sayari yenyewe, Tatooine, lilichukuliwa kwenye mji wa Tataouine. Katika Dune ya mwaka 2021, mchanga na majabali yalitoka Wadi Rum ya Jordan na jangwa la Abu Dhabi. Mtu wa Lamu akiziona kuta zile za Djerba hawezi kuacha kuzikumbuka kuta zetu za matumbawe na chokaa, zidaka zetu, na boriti zilizokwiva kwa moshi. Swali langu ni jepesi: zetu ziko katika ghala gani?

Wenzetu wa Afrika Mashariki nao hawakukaa bure. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, sinema ya dakika 21 hivi juu ya zama za baada ya vita vya maji, ambapo binti aitwaye Asha, mlinzi wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kutoka kwenda kuutafutia mti. Mwaka 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Kahiu alieleza kuwa alizirejea sinema za miaka ya 1950 na mandhari zake zilizochorwa kwa mkono, akazilinganisha na sanaa za Kiafrika. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ilipigwa Afrika Kusini. Hadithi ni ya Kenya, jina ni la Kiswahili, na jangwa ni la wenyewe. Mwaka 2023 ukatoka mkusanyo wa Kizazi Moto, filamu kumi za katuni za mambo ya kesho, akiwamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Vijana wanaweza, hilo limekwisha kuthibitika.

Wako watakaoniambia: wewe mtu wa chuo cha Kurani, una nini na mambo ya kuchora? Swali ni la haki, wala silipuuzi, maana kwetu suala la taswira si dogo. Imepokewa katika Bukhari kuwa mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie. Ibn Abbas alimpa onyo juu ya kuchora viumbe wenye roho, kisha akamwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Basi tazama sehemu kubwa ya kazi ya mchora ngozi ni ipi: gome, jabali, kutu, ukuta, mchanga. Sikatai kuwa mafundi wengine huchora ngozi za viumbe, na katika hilo kila mtu amuulize shekhe wake. Lakini mlango wa miti na mawe uko wazi, na wazee wetu waliupitia zamani. Waliochonga milango ya Lamu na Siyu, waliofinyanga chokaa ya zidaka kwa maua na mistari, walikuwa mabingwa wa kupamba uso wa kitu pasipo kuchora uso wa mtu. Kijana wa Kiislamu wa Pwani haingii katika fani hii kama mgeni.

Wala Kangeta si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Wameru husimulia kuwa wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha baharini, na wako watafiti wanaokitaja kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Kama ni hivyo, basi gome la Nyambene na matumbawe ya Manda ni mali ya nyumba moja iliyogawanyika zamani. Ndiyo maana sioni haya kulipigania la kule pamoja na la huku.

Kuna na suala la tumbo. Kangeta imeishi kwa mmea mmoja. Uholanzi ilipoukataza mwanzoni mwa 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014. Machi 2020 soko la Somalia likafungwa, lisifunguliwe mpaka Julai 2022. Kila mara mlango ulipofungwa, bei ilianguka mikononi mwa mkulima, naye hakuwa ameulizwa. Msimamo wangu juu ya miraa wenyewe ni mada ya siku nyingine; nyumba nyingi za Pwani zinajua imewafanya nini vijana wao. Lakini hata asiyeutaka mmea huo atakubali kuwa kijana wa Kangeta anahitaji shughuli ya pili. Mti ukichumwa, umechumwa. Ukipigwa picha, umebaki pale pale, na picha yaweza kuuzwa mara elfu.

Sisemi kuwa mambo ni mepesi. Kompyuta ya kazi hii ni ghali, na umeme wa vijijini hukatika. Hata hivyo, kizingiti si kirefu kama zamani. Iko programu ya Blender, ambayo hailipiwi hata senti, na kwa programu hiyo Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi ndogo isiyofika watu milioni mbili, alitengeneza Flow, iliyonyakua tuzo ya Oscar mwezi Machi 2025. Aliyezuiwa na bei ya programu hana tena udhuru huo.

Khatari kubwa iko pengine. Tangu mwaka 2022 zimeenea mashine za akili unde zinazotoa picha kwa kuamrishwa kwa maneno. Mashine hizo zilifunzwa kwa mamilioni ya picha za watu, wengi wao bila ya kuombwa ruhusa. Tukipiga picha za Kangeta na Lamu na kuzimwaga ovyo, zitakombwa, na kesho tutauziwa ukuta wetu wenyewe. Tusipozipiga kabisa, mashine zitatubunia ukuta wa Kiswahili ambao hakuna Mswahili aliyewahi kuuegemea, nao ndio utakaoaminiwa. Hasara ziko pande zote mbili, na njia ya kati ni moja tu: tuzipige wenyewe, kwa utaratibu, na tuzimiliki.

Sheria tunazo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Iko Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na iko Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni. Mtaala mpya wa umilisi nao umeifanya sanaa na michezo kuwa njia moja kati ya tatu za sekondari ya juu. Kilichobaki ni watu kuvitumia vitu hivyo.

Basi nina maombi matatu. Kwanza, serikali za kaunti za Meru na Lamu zianzishe ghala la pamoja la ngozi za vitu vyetu. Vijana wafunzwe kupiga picha wakiwa sawa na ukuta, chini ya mwanga wa mawingu, na kipimo kando, na waandike jina la kila kitu kwa lugha ya mahali pale, mbaine iandikwe mbaine na zidaka ziandikwe zidaka. Pili, mwenye mti na mwenye nyumba waombwe idhini, na picha ikiuzwa wapate fungu lao; tusiwe sisi wa kwanza kuwanyonya watu wetu. Tatu, walimu wa sanaa wawatoe watoto darasani. Kabla mtoto hajagusa kompyuta, akae mbele ya bati lenye kutu saa nzima na penseli, mpaka ajue kutu imeanzia wapi na imekwenda wapi. Hilo halihitaji umeme wala bajeti.

Miti ile ya Nyambene inazeeka, na mara nyingine mwenye shamba huing'oa apande mingine. Kuta za matumbawe nazo hubomolewa kila mwaka zikajengwa za simiti. Hapo zamani kitu kikiondoka kiliondoka, na sisi washairi tukabaki kukililia. Siku hizi yawezekana angalau sura yake ibaki, na ibaki katika milki yetu. Wakubwa wa kaunti hizi mbili watwambie wataanza lini.